Damari binti Eliezeri, Mama Aliyetaka Kuulizwa

Marehemu Mama Damari alizaliwa tarehe 14 Mei 1913 huko Masoko, Tukuyu, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Eliezeri na Mama Lea. Alibatizwa akiwa mchanga. Kati ya mwaka 1922 na 1926 alisoma shule ya kanisa kijijini, akajua kusoma, kuandika na kushona. Majirani walimletea barua zao awasomee, naye alisoma kila neno, hata yale ambayo mwenye barua angependa ayaruke.

Mwaka 1932 aliolewa na Tadeo, mwana wa Mzee Yotamu. Kwetu mke hakutani uso kwa uso na baba mkwe wake, wala halali naye chini ya paa moja. Siku moja bibi arusi huyo alimwona mkwe wake akija na ng'ombe kwenye njia nyembamba, akaingia mtoni na mtungi wake kichwani. Alitoka amelowa hadi kifuani, lakini mtungi ulikuwa mzima. Mumewe alilisimulia jambo hilo kwa kicheko mpaka mwisho wa maisha yake.

Mwaka 1936 walihamia Makongolosi. Tadeo alichimba dhahabu, na marehemu aliwapikia wachimbaji ugali na maharage. Tadeo alifariki shimoni mwaka 1947, na marehemu akaendelea kupika ili watoto wasitoke shule.

Mwaka 1953 marehemu alipatwa na ugonjwa wa uti wa mgongo, na miguu ikakosa nguvu kabisa. Mwaka uliofuata alipokelewa katika nyumba ya wasiojiweza nje ya mji wa Mbeya, iliyoendeshwa kwa fedha za baraza la wilaya. Alitunzwa vizuri, nasi tunashukuru.

Agosti 1956 upepo uling'oa mabati ya bweni la wanaume, na wazee wakahamishiwa chumba cha wanawake. Aliyewekwa kitanda cha jirani na marehemu alikuwa babu yetu, Mzee Yotamu, aliyekuwa amepofuka na kupokelewa mwaka huo. Marehemu hakuweza kuinuka aende zake. Alijifunika blanketi gubigubi kutwa nzima, akakataa kula na kuogeshwa. Msimamizi, Bwana Didas Kalinga, mwenyeji wa Kihesa, Iringa, hakuijua desturi yetu. Alidhani ni homa, akamnywesha kwinini siku tatu.

Siku ya nne marehemu alisema kutoka ndani ya blanketi, "Bwana Kalinga, siumwi homa. Huyu ni baba wa marehemu mume wangu."

"Lakini mama, mzee haoni!"

"Mimi naona."

Mama Ikupa wa kitanda cha pili akadakia, "Na tena ni kipofu, bwana, si kiziwi. Sote tunaogeshwa hapa anasikia maji."

Babu aliposikia ni nani aliyelala kando yake, alilia. "Nitoeni nje! Kwa nini hamkuniambia?" Usiku ule alilala barazani kwenye baridi, akakataa kurudishwa ndani.

Bwana Kalinga alisema nyumba ya serikali haiwezi kufuata mila ya kila kabila, na anayeona taabu arudi kwao. Kurudi nyumbani kulikuwa sawa na kufa, kwani hapakuwa na mtu wa kumgeuza wala kumwosha vidonda. Marehemu alilijua hilo, lakini alijibu, "Sirudi, na sinyamazi. Nyumba hii imejengwa kwa kodi, na mume wangu alilipa. Sikuomba chumba cha peke yangu. Naomba niulizwe kabla hujaniwekea mtu kando ya kitanda changu."

Mzee wa kanisa, Sedekia, alikuja kumkumbusha kwamba Mkristo ameyaacha mambo hayo.

"Mzee wangu, mkeo huogeshwa mbele ya baba yako?"

Mzee Sedekia alikohoa, akafungua sala.

Februari 1957 marehemu alibebwa kwa machela hadi mbele ya baraza, akatoa lalamiko lake. Baraza liliamua ukuta wa mbao ujengwe, kila anayetunzwa aulizwe alale wapi na nani amwoshe, na mwenye kulalamika asifukuzwe. Kwa heshima tunasema kwamba Bwana Kalinga alipigilia mbao zile kwa mkono wake mwenyewe, na tangu siku hiyo aliuliza kila mgeni.

Mwezi Juni mwaka huu marehemu alishikwa na nimonia. Alifariki alfajiri ya Alhamisi, tarehe 3 Julai 1958, akiwa na umri wa miaka arobaini na mitano.

Ameacha baba mkwe, Mzee Yotamu. Watoto watatu, Asukile, Sekela na Abrahamu. Na dada yake, Juliana. Ameacha pia wenzake wa chumba kile, ambao wamekuja leo kumzika. Bwana Kalinga amehamishwa, na msimamizi mpya amesema kwamba kuuliza-uliza kunachelewesha kazi. Baraza litakaa tarehe 17 mwezi huu kuamua kama utaratibu huo ufutwe. Marehemu alikuwa amekwisha kuomba wabebaji wa kumpeleka huko. Mama Ikupa ameomba abebwe yeye badala yake, na sisi wanawe ndio tutakaombeba.

Mungu amlaze mama yetu mahali pa amani.