Mwalimu Leonsi Katepa na Sentensi ya Mbolea

Wapendwa waombolezaji, kwa ruhusa ya padri na wazee wa ukoo, tunasoma kwa ufupi maisha ya Mwalimu Leonsi Katepa, kwa kuwa yeye mwenyewe hotuba ndefu zilimchosha.

Mwalimu alizaliwa Mpui tarehe 3 Mei 1941, mtoto wa tatu wa Mzee Adolfu, mkulima wa ulezi, akasoma hapo hapo hadi darasa la nane, akapata cheti cha ualimu mwaka 1962, na tangu hapo akafundisha Kiingereza kwa miaka thelathini na mmoja. Tarehe 9 Julai 1966 alifunga ndoa na Luciana, wakajaliwa watoto wanne, nao wote wapo hapa.

Mwaka 1993, magazeti ya watu binafsi yalipoanza kufika Sumbawanga, yamechelewa siku nne na yamejaa kashfa za wakubwa, Mwalimu aliyageuza kuwa somo, akawafundisha kidato cha tatu maneno ambayo Waingereza huyasema pamoja, yapi ni ya kashfa inapolipuka, yapi inapofunikwa, yapi mkubwa anapoachia ngazi kwa aibu, kisha kila mmoja akatunga sentensi yake. Kosa lake, kama ni kosa, ni kwamba alitazama Kiingereza tu, akainakili ile iliyo safi kuliko zote kwenye karatasi ya manila, akaibandika ukutani, nayo ilisema kuwa kashfa ya mbolea ya ushirika ilifunikwa na mwenyekiti wa ushirika huo, tena akitajwa kwa jina lake, na mji mzima ulijua ni kweli.

Tarehe 11 Oktoba wakubwa wa shule walimwita, wakamtaka amtaje mwanafunzi ili afukuzwe, akajibu kuwa mwandiko ni wake na sentensi ni yake, wakamwachisha kazi, akahamia Kasense kulima mahindi, na Mama Luciana alimnunia miezi mizima, kwa kuwa hata yeye hakuambiwa ni mtoto wa nani.

Presha ilimwanza mwaka 1996, Februari mwaka huu ikampooza upande wa kulia, na Ijumaa tarehe 14 Agosti 1998, saa nne asubuhi, akafariki.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Kasense waliomlimia shamba alipolala, na walimu wenzake mliokuja leo, hata ninyi ambao kwa miaka mitano mkimwona mlibadili njia.

Na wewe uliyeitunga sentensi ile, bila shaka sasa ni mtu mzima, kama upo hapa usisimame, familia haikuulizi jina, maana Mwalimu hakulitaja hata alipokuwa akiweweseka kwa homa, wewe njoo tu utie udongo wako kama sisi.

Ulichoka, Mwalimu, sasa pumzika kwa amani.