Majina Yetu Kwenye Kioo

Benchi lina miguu mitatu na tofali, na hapo ndipo mambo yote ya dunia huamuliwa. Mwenyekiti ni Waziri, aliyepewa cheo hicho kwa sababu hajawahi kuwa na ofisi wala kukubali kosa. Pembeni yake hukaa Fundi Simu, bingwa wa kufungua vitu. Kuvifunga ni habari nyingine. Jioni hiyo walimweka katikati Injinia, mwanafunzi anayejifunza kutengeneza chipu katika maabara isiyotaka hata chembe ya vumbi. Injinia alikuwa na raha isiyofichika. Mchana alikuwa ametuma kiwandani michoro ya vioo vyake vinne vya kuchapia chipu, kazi ya muhula mzima. Kila mwanafunzi huchongewa vioo mara moja tu. Akikosea, anarudia mwaka. Alijua wenzake wa kijiweni hawataelewa kitu, na alikuja makusudi ili wasielewe mbele yake.

— Hebu tueleze tena, mwanangu, — Waziri alisema, akijimiminia kahawa yeye kwanza kama walivyo viongozi. — Yale magwanda meupe mnayojifunika hadi puani ni ya nini?

— Ni vumbi, mzee. Chembe moja ikidondoka, chipu imekufa.

— Vumbi! Wanawadanganya. Mnafunikwa ili msitambuane. Siku mambo yakiharibika, nani atasema fulani alikuwepo?

— Na zile taa za njano? — Fundi Simu akadakia.

— Kile kisahani cha chipu tunakipaka dawa. Mwanga wa kawaida unaiunguza, wa njano hauidhuru.

— Kaka, mimi nimefungua simu za mtaa mzima. Njano ni ya kubana umeme. Chuo kimefulia.

— Kimefulia wapi! — Waziri akaruka. — Humo wanatotolesha kitu. Hata vifaranga huwashiwa taa ya njano.

— Vifaranga, mzee?

— Sijasema vifaranga. Nimesema kitu.

Injinia alicheka kwa huruma, ile ya mtu aliyesoma. Akawaeleza polepole, kama anaongea na watoto wa chekechea: mwanga unapita kwenye kioo, mchoro unaangukia kwenye kisahani, kinaoshwa. Kisha kinakuja kioo cha pili, mchoro wake ukae juu ya ule wa kwanza, halafu cha tatu, halafu cha nne.

— Mmoja ukihama hata upana wa unywele, — alimalizia, — hapo hamna chipu. Kuna takataka inayong'aa.

— Haya, tuache hayo madogo, — Waziri alisema. — Majina yetu je?

Muhula wote kijiwe kilikuwa kimemganda: kama kweli anachora, awachore na wao.

— Yameingia, mzee. Kioo cha kwanza kabisa. Wewe pembe ya kulia, Fundi kushoto.

— Herufi kubwa?

— Kubwa. Nafasi ilikuwa finyu, lakini kule pembeni kulikuwa na vimisalaba fulani vilivyokuja na mchoro wa mwalimu. Mapambo tu. Nikavifuta.

— Umefanya la maana. Mapambo ya nini mbele ya jina la mtu?

Wakagonganisha vikombe. Binti mmoja mwenye begi mgongoni alikuwa amesimama nyuma yao. Ni mwenzake Injinia wa meza moja kule maabara, aliyekuwa akipita kwenda kwao. Hakusalimia.

— Umefuta vimisalaba?

— Vya pembeni tu, dada.

— Sasa kioo cha pili utakilenga kwenye nini?

Injinia alishusha kikombe. Akaiona ile pembe ya mchoro, nyeupe, safi, aliyoifuta mwenyewe huku akipiga mluzi.

Waziri, mwenye jibu la kila kitu tangu benchi lilipokuwa na miguu minne, alimgeukia Fundi Simu.

— Si alenge kwenye jina la mzee? — Fundi Simu alijaribu.

— Kioo cha pili kina vimisalaba vyake, — binti alisema. — Vinatafuta wenzao. Vitamkuta Waziri.

Injinia aliona aibu hadi masikio yakamwaka moto. Mwaka mzima alikuwa ameubadilisha na sifa za kijiweni.

— Mwanangu, — Waziri alisema kwa sauti ndogo ambayo hawakujua kama anayo. — Basi futa langu.

— Halifutiki tena, mzee. Wameshaanza kuchonga.

Waziri alichukua birika na, kwa mara ya kwanza, akamimina kwenye kikombe cha Injinia kabla ya chake. Likatoa matone mawili.