Dada Hakai na Kibao cha "Bado"

Marehemu dada yetu alizaliwa alfajiri ya Jumapili, tarehe 9 Machi 1958, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali. Alikuwa mtoto wa kwanza wa baba seremala na mama mshonaji. Mama alisimulia kwamba mkunga alipogeuka kuchukua taulo, kichanga kilikuwa kimeshajisogeza hadi ukingoni mwa kitanda. Kama mama alitia chumvi, ni yeye na Mungu wake. Ila mtoto huyo alikula amesimama, akasoma anatembea, na baba akambandika jina la Hakai. Jina la cheti lilibaki kwenye cheti.

Alianza shule mwaka 1965 na kumaliza sekondari mwaka 1975. Akiwa kidato cha pili, mwalimu wa sayansi alileta ua la porini akasema ni yungiyungi. Hakai akainuka bila kuitwa, akalifungua ua kwa kucha na kuonyesha kwamba kiume na kike vimeungana katika nguzo moja, na petali ya chini imejifanya mdomo. Kwa hiyo ni okidi. Akatolewa nje kwa utovu wa adabu, adhabu aliyoipokea kama zawadi. Kesho yake mwalimu, muungwana kweli, alirudi na kitabu mkononi. "Umesema kweli. Ingia ukae." Akajibu, "Kuingia naingia, mwalimu. Kukaa ndiyo shughuli."

Kuanzia Januari 1979 hadi Juni 2013 alifanya kazi katika karakana ya miwani, ghorofa ya pili, juu ya duka la vitambaa. Alisaga lenzi kwenye gurudumu lililodondoshewa maji, mikono ikiwa myeupe kwa unga wa kioo. Stuli aliyopewa siku ya kwanza aliitumia kuwekea chakula chake cha mchana kwa miaka thelathini na minne. Jumamosi alitia kioo cha kukuzia mfukoni akapanda miteremko nje ya mji kutafuta okidi. Hakuzitaka zile za kukaa mitini wala za vyungu vya dukani. Zake ni za ardhini, zenye viazi chini ya udongo, ambazo kiangazi zikilala huoni hata jani, na mvua ikigusa zinaamka kana kwamba hakuna lililotokea. Alikuwa na sheria moja: bila ua, hakuna jina. Majani hudanganya, alisema, kama watu kwenye picha za pasipoti.

Ndoa yake ilianzia mbele ya tingatinga. Mwaka 1983 barabara ilikuwa inapanuliwa, na ukingo wenye okidi saba ulikuwa uondolewe asubuhi hiyo. Akasimama njiani. Dereva akachungulia: "Dada, unataka kufa kwa ajili ya majani?" Akamjibu, "Sina nafasi ya kufa, nataka nusu saa tu." Dereva akazima mashine, akashuka na koleo lake, na akafokewa papo hapo kwa kukung'uta udongo mizizini, kwani ndani yake mna ukungu unaoilisha okidi, na ukiutoa umeiua. Yeye mwenyewe, ambaye leo ni Shemeji yetu, husema alipofokewa vile alijua kwamba amepata mke. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 18 Agosti 1984, wakajaliwa watoto wawili.

Okidi zile saba zilipandwa nyuma ya nyumba, kando ya kamba ya kuanikia nguo. Sita zilichanua mwaka uliofuata, zote ni zile za kijani za kawaida, na kila moja ikapata kibao chake. Ya saba ilitoa majani tu. Kwenye kibao chake aliandika "Bado", na kila mwaka alipovitoa vibao kuvipaka rangi upya, aliliandika tena neno hilohilo. Aliamini kwamba huyo ni mgeni asiyejulikana, na alitaka kumjua kabla hajafumba macho. Hilo ndilo alilolitaka kuliko yote kwa ajili yake mwenyewe.

Hapa mdogo wake wa mwisho, Kitinda, ambaye ndiye anayewasomea, ana jambo alilolibeba miaka kumi na minne. Agosti 2011 Dada alisafiri wiki moja kwenye mahafali ya binti yake. Vibao vilikuwa sebuleni vinakauka rangi. Kitinda, karani wa stoo, mtu wa kiti kama dada yake alivyokuwa mtu wa miguu, akaona tuta tupu, akasema amfurahishe dada. Akalipiga jembe lote na kupanda vitunguu. Dada akarudi. Alichukua chekecheke ya unga akachekecha udongo siku mbili. Viazi sita vilikuwa vizima. Cha saba, cha Bado, jembe lilikuwa limekipasua katikati. Shemeji alipouliza nani kafanya hivi, Dada alimtazama Kitinda, kisha akasema, "Fuko." Shemeji akatega mitego mwezi mzima. Leo mnajua fuko ni nani, na Shemeji anisamehe, pamoja na ile mitego ya bure.

Dada alivirudisha vyote ardhini, lakini kwa miaka mitano pale pa Bado hapakutoka kitu. Kila mvua Kitinda alifika pale kabla ya kazi, akajifanya amepita tu, akaondoka na moyo mzito. Mwaka 2016 jani moja lilichomoza.

Februari 2024 Dada aligundulika kuwa na ugonjwa wa moyo. Daktari alimwambia apumzike, yeye akauliza, "Kuanzia wapi mpaka wapi?" Mwezi Septemba mwaka huu miguu ilivimba, akalazwa nyumbani, chumba cha mbele, na kwa mara ya kwanza alikaa mahali pamoja. Iliuma kumwona. Vidole vyake vilitembea juu ya shuka mchana kutwa. Kila asubuhi alimuuliza Kitinda, "Amefungua?" Kitinda akajibu, "Bado."

Ijumaa, tarehe 10 Oktoba, Bado alichanua. Kitinda akataka kumletea ua. "Usikate!" akasema. "Nenda ukatazame, uniambie." Akampa kioo chake.

"Mdomo umegawanyika?"

"Mdomo upi, Dada?"

"Petali ya chini! Miaka yote hii, Kitinda!"

Akakimbia, akarudi. Umegawanyika mara tatu. Sehemu za pembeni ni pana au nyembamba? Akakimbia tena. Nyembamba kama uzi. Mkia wa asali, ule mrija ulio nyuma ya ua, una urefu gani? Akakimbia na rula. Alikwenda mara saba, shati limelowa, na Shemeji akasema hajawahi kumwona Kitinda akitoka jasho.

Dada akafumba macho kidogo. "Andika. Ni wa kijani wa kawaida, kama wale sita."

"Miaka arobaini na mbili, Dada!"

"Sasa nimtukane? Nilidhani mgeni, kumbe mtu wa nyumbani." Akacheka hadi akakohoa. Kisha akamvuta Kitinda kwa mkono. "Na yule fuko, mwambie asijisumbue tena. Nilishamsamehe siku ya chekecheke."

Alifariki Jumanne, tarehe 14 Oktoba 2025, saa kumi jioni, akiwa na umri wa miaka sitini na saba. Miguu yake ilikuwa imetoka nje ya shuka.

Ameacha mume, binti mwalimu wa hesabu, mwana fundi umeme, wajukuu wanne na mdogo wake Kitinda. Mkirudi nyumbani baada ya mazishi, tafadhali piteni upande wa kulia wa kamba ya nguo. Ua bado limefunguka, na kibao chake sasa kina jina.

Hakai wetu, umetembea vya kutosha. Sasa kaa, dada. Kaa kwa amani.