Neno Lililopigiwa Kura kwa Vikombe

Benchi liko konani, limeegemea ukuta wa duka la vipuri lililofungwa zamani, na mguu wake mmoja umesimamia tofali. Kila asubuhi Mama Birika hulitangulia. Hutua jiko, huwasha makaa, hupanga vikombe kwenye sinia, kisha wenyewe hujileta mmoja mmoja: Waya, fundi umeme ambaye kwake taa haziwaki; Sajenti, askari wa zamani ambaye sasa analinda ghala; Winchi, kuli aliyestaafu pamoja na mgongo wake; na Ustadhi, anayefundisha watoto Kiarabu cha vitabuni. Ubishi ukiwa mrefu hukatwa kwa vikombe: aliyekubali hukifudikiza chake. Vikombe vingi vikilala kifudifudi, jambo limekuwa kweli. Kwa mtindo huo waliwahi kuamua kwamba daktari wa mtaa amekufa. Daktari alipopita na mfuko wake wa nyanya, walimsalimia kwa shingo upande, kama mtu aliyevunja makubaliano.

Siku hiyo Mama Birika alimimina kikombe cha kwanza, akafuta mkono kwenye kanga, akawapa simu yake.

— Someni hapo. Mimi nimesoma mpaka macho yameota mchanga.

Ujumbe ulitoka kwa karani wa ofisi iliyompeleka binti yake kufanya kazi za ndani Uarabuni. Ulikuwa wa Kiingereza: binti yako, kisha neno moja, “discharged”. Basi. Mara ya mwisho binti alisema tumbo linamuuma na bibi mwenye nyumba anampeleka hospitali. Tangu hapo simu yake imezimwa. Karani hapokei. Bibi anapokea, lakini hajui ila Kiarabu, na Mama Birika aliambulia alo, alo, mpaka laini ikakatika.

Mama Birika alimaliza kidato cha nne. Alijua neno hilo huandikwa kwenye karatasi ya mgonjwa aliyeruhusiwa. Alijua pia huandikwa kwa mtu aliyefukuzwa kazi. Mwanawe ameinuka kitandani, au ametupwa mlangoni? Ustadhi amtungie swali la Kiarabu limfikie bibi, naye aendelee na makaa yake. Hakutaka zaidi ya hapo.

— Dischaji, alisema Waya, akiipima simu kiganjani. Hiyo ni lugha yetu mafundi. Betri imeisha moto. Wanakwambia binti yetu amechoka, apumzishwe.

— Mtu si tochi, alisema Sajenti. Jeshini dischaji ni kutolewa. Kuna ya heshima, unapigiwa saluti. Kuna ya aibu, unavuliwa vifungo getini. Hapa hawakusema ya heshima. Maana yake vifungo vimevuliwa.

— Mwanangu anafua nguo, Sajenti. Vifungo ni vya watu.

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, Mama Birika. Mimi nasema tu.

Mama Birika akamgeukia Ustadhi.

— Ustadhi, baba, nitungie swali. Hospitali au kazi. Mawili tu.

Ustadhi alikohoa kikohozi cha darasani.

— Tatizo, dada yangu, Kiarabu hakibebi watu wote kwenye tenga moja. Mgonjwa akitoka hospitali ana neno lake. Betri ikiishiwa ni tafrigh, na mzigo ukishushwa ni tafrigh vilevile. Askari akiachiwa, au mfanyakazi, ni tasrih. Sasa nianze na lipi?

— Ngoja hapo, alisema Winchi, akakishusha kikombe. Mzigo ukishushwa?

— Ndiyo.

— Na tumbo lilikuwa linauma?

— Winchi, alisema Mama Birika.

— Mimi nimeshusha mizigo miaka yote, naijua. Tumbo linauma, hospitali, mzigo umeshushwa. Hongera, mama. Una mjukuu.

Kahawa ilifurika kwenye kikombe alichokuwa akikijaza Mama Birika, ikamwagikia sinia. Aliifuta. Binti alipoondoka alikuwa mwembamba kama ufito. Alipoagana naye alimshika kiuno akaona mikono yake inakaribia kukutana.

— Haba na haba hujaza kibaba, Winchi aliongeza.

— Kunywa kahawa yako.

— Lakini hata tasrih, alisema Ustadhi, naye sasa alikuwa amenogewa, si ya askari peke yake. Hata mke anayeachwa kwa wema hutajiwa neno hilo.

— Anayeachwa? Sajenti alisimama. Basi aliolewa!

— Lazima aliolewa, alisema Winchi. Mjukuu ametokea wapi?

— Bila kutuambia? alisema Sajenti. Mtoto huyu nimembeba mgongoni, alikuwa anavuta masikio yangu akiona ndege. Leo anaolewa kimya, anazaa kimya, anaachwa kimya?

— Na betri imeisha, alisema Waya. Msisahau betri.

Wakabishana mpaka makaa yakaanza kuvaa majivu. Mwisho Winchi akapiga benchi: vikombe. Cha kwake kikalala. Cha Sajenti kikalala. Waya alisitasita, akakilaza ili asibaki peke yake. Ustadhi alisema yeye ni mwalimu na hapigi kura, kisha akakilaza taratibu. Kwa hiyo asubuhi hiyo, kabla jua halijafika ukutani, binti wa Mama Birika alikuwa ameolewa, amejifungua, ameachwa na amefukuzwa.

Mama yake alikuwa amekaa juu ya kopo, birika magotini. Hakuwakasirikia. Kukasirika kunataka nguvu.

Ndipo akaja mshonaji, mwanamke aliyehamia mtaa wa pili si zamani, na chupa yake tupu ya kahawa mkononi. Akasalimu, akaelezwa habari nzima, kila mmoja akielezea sehemu yake.

— Simu yangu inaandika Kiarabu, alisema. Nilishona huko zamani. Leteni namba ya huyo bibi. Tunamuulizia nani? Binti anaitwa nani?

Waya akamtazama Sajenti. Sajenti akamtazama Winchi.

— Ni binti wa Mama Birika, alisema Winchi.

— Huko hawamjui Mama Birika.

— Sisi tunamwita Kifaranga, alisema Sajenti.

— Jina, baba yangu. La kwenye pasi.

Sajenti alishika sikio lake, kama vile jina limejificha humo. Ustadhi alianza kusema linaanza na herufi fulani, akaacha. Gari la takataka likapita. Mama Birika aliwaacha wahangaike kidogo, si kwa kuwakomoa. Alitaka kuona kama yupo hata mmoja anayelijua. Kisha akamwegemea mshonaji, akayataja polepole, yote mawili, la binti na la baba yake marehemu, na mshonaji akaandika.

— Niulize ametoka hospitali au ametoka kazini?

— Acha hayo, alisema Mama Birika. Andika: mwanangu leo analala wapi?

Ustadhi alinyoosha mkono. Akachukua simu ya mshonaji, akaandika mstari mmoja mfupi, akaurudisha.

— Hilo ni jepesi, alisema kwa sauti ndogo.

Ujumbe ukaenda. Mshonaji akailaza simu katikati ya benchi, uso juu.

— Kahawa ipo, mama?

— Imekwisha. Nisamehe.

— Si kitu. Nitasubiri hapa hapa.

Hakuna aliyeondoka. Zamu ya Sajenti ghalani ilikuwa imeshaanza, naye alikuwa anajua. Baada ya muda akanyoosha mkono, akakiinua kikombe chake, akakisimamisha wima. Winchi akafanya vivyo hivyo, bila kumtazama mtu. Kisha Waya. Kisha Ustadhi. Vikombe vinne vikasimama mdomo wazi kuizunguka simu, na birika halikuwa na kitu.