Jumamosi Ambazo Sikuvua Kinyago

Wacha nisimame hapa kando ya dirisha. Nikisimama huko mbele naanza kuigiza, na leo sikuja kuigiza, nimekuja kutoa ushuhuda. Wengi wenu mnanijua kama yule fundi wa viti pale barabarani Kimumu. Watoto wenu wananijua kama Chemosit. Wachache mnanijua kama mlevi, na hao wachache ndio wananijua vizuri. Jina la mtu mwingine sitataja, kwa sababu kuna wale bado wananisalimia na sitaki waache.

Kwa wale wamejiunga nasi juzi, hapa mtaani kuna kikundi kinaigiza michezo ya watoto kila Jumamosi saa nane, kwa ukumbi wa kanisa. Ni bure. Mama anakuja na watoto watano, anaingia, anakaa, hakuna wa kumuuliza kitu. Watu wanatoka hata Turbo, wamevaa nguo za Jumapili siku ya Jumamosi. Tunacheza zile hadithi nyanya zetu walikuwa wanatupigia jikoni tukingoja mahindi yaive, na tukimaliza watoto wanakunywa uji, wanaenda.

Mimi niliingia huko kwa sababu ya sponji. Kiongozi wa kikundi, mama mmoja mwalimu mstaafu, alikuja kwa karakana yangu kuomba mabaki ya sponji atengeneze kinyago cha Chemosit. Kama kuna mtu hapa hakulelewa huku, Chemosit ni zimwi la sisi Wakalenjin: nusu mtu, mguu mmoja, mdomo unawaka mwekundu kwa giza, na chakula chake ni watoto. Nikamwambia, Mwalimu, hiyo utaharibu, niachie. Nikashona kwa sponji na gunia la mahindi, mdomoni nikaweka taa nyekundu ya baiskeli. Kilitoka kibaya mpaka nikajivunia. Akakiangalia, akaniangalia, akasema, "Kimekaa saizi yako, fundi." Nikawa mwigizaji namna hiyo.

Sasa kuna sheria moja nataka muishike, kwa sababu ndiyo nilivunja. Kwa kikundi chetu mtu akicheza zimwi, mchezo ukiisha hatoki. Anakaa chini kwa sakafu mbele ya watoto, anavua kinyago polepole, anasema jina lake, na watoto wanakuja mmoja mmoja kumshika mashavu. Hata wawe mia, unakaa. Mwalimu alikuwa anasema hakuna mtoto atarudi nyumbani na zimwi, atamwacha hapa ukumbini. Binti yangu alikuwa na miaka sita wakati huo, na ndiye alikuwa anakuja wa kwanza. Ananirukia shingoni, halafu anawageukia wenzake anawaambia, "Ni baba yangu, msiogope." Ndugu zangu, hayo maneno nilikuwa naishi nayo wiki nzima.

Pombe nayo ilikuja kama dawa ya aibu. Siku yangu ya kwanza kwa jukwaa niligoma kutoka mbele ya watu, na jamaa mmoja akanimiminia kidogo kwa kifuniko cha chupa. Ati ya kufungua sauti. Ikafungua. Jumamosi iliyofuata nikabeba yangu. Najua mnapenda mtu akitoa ushuhuda awe na sababu kubwa, awe amefiwa au amefutwa kazi. Mimi sina. Nilikuwa na mke, mtoto, afya, na viti vya watu vimejaa mpaka nje vikingoja kushonwa. Nilianza kunywa nikiwa na raha zangu, na nikaendelea baada ya raha kuisha. Kufikia mavuno ya mwaka huo nilikuwa nakunywa kabla ya chai ya asubuhi.

Na kinyago kilinisaidia sana kuharibika. Ukiwa ndani ya ile sponji hakuna mtu anaona macho yako. Harufu ni yako peke yako. Ukiyumba, watoto wanacheka, si Chemosit ana mguu mmoja. Nilikuwa naanguka kweli kweli na ukumbi wote unapiga makofi. Mke wangu alikuwa hapigi. Nilimwona kupitia kwa tundu za macho, amekunja mikono, anaangalia sakafu.

Shida ilikuwa pale mwisho, pa kuvua. Kwa hiyo nikaleta ujanja. Nikamwambia Mwalimu kwamba zimwi likivuliwa kila mara linazoeleka, watoto hawatatishika tena, wacha niwe natoka na kinyago kwa mlango wa nyuma. Alikataa. Nikafanya tu. Jumamosi ya kwanza nikasema nimebanwa na choo. Ya pili nikasema gamu imeshika nywele. Ya tatu sikusema kitu, nilitoka tu, nikakaa nyuma ya tangi la maji na kinyago kichwani mpaka watu wakaisha.

Wazazi wakaanza kuja kwa Mwalimu. Mtoto wa huyu amerudi kukojoa kitandani. Wa yule hataki kwenda choo jua likianza kushuka, mpaka asindikizwe. Kuna mama alisema mtoto wake anauliza kila jioni kama Chemosit bado yuko kule nyuma ya kanisa. Na alikuwa huko kweli, mama. Alikuwa amekaa na chupa.

Basi Jumamosi ya nne Mwalimu akafunga mlango wa nyuma kwa kufuli. Mchezo ulipoisha akaja mbele, akasema kwa ile sauti ya darasani, "Leo Chemosit atatuonyesha yeye ni nani." Sikuwa na pa kwenda. Nikakaa chini. Nikavua.

Sijui niliwaona aje au waliniona aje. Uso ulikuwa umevimba, macho mekundu, mate yamekauka hapa pembeni. Nikatabasamu, na hiyo ndiyo iliharibu kabisa, kwa sababu watoto wa mbele walirudi nyuma pamoja. Jina langu nikalisema kama mtu ana kiazi mdomoni. Binti yangu peke yake ndiye alikuja. Hakuruka. Alitembea mpaka hapa karibu, akaniangalia sana, akaokota kinyago pale sakafuni kwa mikono yote miwili, akanipea. Akasema, "Baba, vaa tena."

Hakusema kwa nguvu, lakini kila mtu alisikia. Hakuwa anaogopa Chemosit, ndugu zangu, yeye alijua Chemosit ni sponji. Ule uso mwingine ndio alikuwa anaishi nao nyumbani. Na mimi nilifanya nini? Nilivaa. Mtoto wangu alinipea kinyago nikavaa, nikaketi ndani yake nikilia, na ile taa ya mdomoni bado inawaka.

Jumanne mke wangu akampeleka mtoto kwao Moi's Bridge. Hakunigombeza, alikunja tu nguo. Ningependa kuwaambia kwamba siku hiyo niliacha. Hapana. Hiyo ndiyo siku nilianza vizuri. Nilikunywa miezi saba. Nilikata vitambaa vya wateja upande usiofaa. Kochi la mtu nililigeuza kitanda changu. Nilienda Moi's Bridge mara moja nikiwa nimelewa, na mzee wa huko, baba mkwe wangu, mtu mpole, alinipa chai nikiwa nimesimama kwa lango. Lango hakulifungua. Nikasikia mlango wa nyumba ukifungwa kwa ndani, na nikajua ni miguu gani midogo imekimbia kuufunga. Nilikunywa hiyo chai yote kwa sababu sikujua nifanye nini kingine.

Kugeuka kwangu hakukuwa na mwangaza wala sauti. Ilikuwa asubuhi, saa tatu hivi, Mwalimu akaingia kwa karakana na mfuko. Nikajua amekuja kunihubiria, nikajipanga. Akatoa kinyago. Panya walikuwa wamekula shavu lote la kushoto.

"Sikuja kukuombea," akasema. "Nimekuja kushonewa."

Nikachukua sindano ya viti, ile kubwa. Ndugu zangu, tundu lake hata kipofu anaweza kupitisha uzi. Mimi nilishindwa. Mikono ilikuwa inatetemeka mpaka uzi unagusa kila mahali isipokuwa kwa tundu. Mwalimu akaninyang'anya, kumbe ameacha miwani nyumbani, naye akashindwa. Tukakaa hapo watu wazima wawili, mmoja haoni na mwingine hawezi kushika, tukipokezana sindano. Alianza kucheka yeye. Mimi nikajaribu kucheka nikajikuta nimeinama kwa meza nalia na pua inatiririka kama mtoto. Akaniacha nilie. Uzi ulipoingia, ilikuwa karibu saa tano.

Nilishona. Nilipomaliza akaniambia, "Jumamosi utakuja upange mabenchi. Kinyago hutagusa. Na ukiwa umeonja hata kidogo nitajua, mimi nimefundisha darasa la nne maisha yangu yote, hakuna uongo sijasikia." Halafu akanileta hapa kwenu, siku ya Jumapili, akanikalisha pale karibu na mlango na akakaa nje mpaka kikao kikaisha, ndio nisitoroke.

Nimepanga mabenchi mwaka mzima. Hiyo sehemu haina utamu wa kusimulia. Siku zingine nilikuwa natetemeka mpaka watoto wanadhani nacheza. Kuna wazazi walikuwa wakiniona kwa mlango wanashika watoto wao mkono, na walikuwa na haki. Kila wiki nilikuwa natuma ujumbe Moi's Bridge, kwamba Jumamosi kuna mchezo, mkaribie. Kila wiki hakuna jibu. Mlinifundisha hapa kuomba, nikaomba. Nawaambia ukweli, mara nyingi nilikuwa naongea na paa la mabati. Wengine wenu mnasema mlisikia amani ikishuka. Mimi nilisikia kiu.

Miezi mitatu iliyopita Mwalimu akanirudishia kinyago. Nacheza, nakaa chini, navua, nasema jina, nashikwa mashavu na mikono ina uji. Kuna watoto bado hawaji. Siwaiti.

Halafu mwezi uliopita walikuja. Niliwaona nikiwa ndani ya sponji, benchi la mwisho karibu na mlango, mama na binti. Amekuwa mrefu. Sijui nilicheza nini siku hiyo, nadhani nilisahau kumla mtoto mmoja kwa hadithi, ikabidi mwenzangu anisukume. Mwisho nikakaa, nikavua. Nikaangalia chini tu. Watoto wakaja, wakanishika, wakaisha. Yeye hakuja.

Nikaanza kukusanya mabenchi. Nilipogeuka alikuwa amesimama hapo. Mnajua kwetu mtoto akisalimia mtu mzima anainamisha kichwa na wewe unakigusa. Basi aliinama. Mtoto ambaye alikuwa ananirukia shingoni aliniinamia vile angeinamia mzee yeyote wa kanisa, mgeni amepita njiani. Nikaweka mkono. Nywele alikuwa amesukwa upya, mistari imenyooka, na sijui nani alimsuka. Akanyanyuka, akarudi kwa mama yake, wakaenda kutafuta gari ya Moi's Bridge kabla mvua haijaanza. Mama yake alinisalimia kwa kichwa. Ni hayo tu.

Najua mlikuwa mnataka niseme walirudi nyumbani. Hata mimi. Jumamosi iliyofuata nilifagia ukumbi mara mbili, nikaweka benchi la mwisho vizuri. Hawakuja. Nikatoka huko saa kumi na moja, nikapita pale mahali wote tunapajua, mlango uko wazi, watu wanacheka ndani. Ndugu zangu, nilisimama. Nilikuwa na sababu sasa, ile kubwa ambayo sikuwa nayo wakati naanza. Halafu nikapita, nikafika nyumbani, nikapika ugali, nikala peke yangu, nikalala. Sikusikia ushindi wowote. Nilisikia tu sufuria ikipoa.

Nataka kushukuru. Mwalimu, uko hapo nje na leo pia hukuingia, asante kwa sindano. Baba mkwe, hayuko hapa, asante kwa ile chai. Wazazi wa wale watoto waliokojoa vitanda kwa sababu yangu, nawaomba msamaha, na asanteni kwa kuwaleta tena. Na nyinyi mmenivumilia hapa Jumapili baada ya Jumapili nikiwa sina la kusema.

Funzo langu ni dogo na si tamu. Ukiacha pombe, vitu ilichukua haivirudishi. Inaweza kukaa navyo. Kama unaacha ndio mtu fulani arudi, hiyo siku asiporudi utakunywa. Mimi niliacha ndio binti yangu arudi, nimekubali kusema hivyo mbele yenu, na hajarudi, na inaniuma hapa kila siku kutoka nikiamka. Kwa hiyo itabidi niache tu hivyo, bila kulipwa.

Leo ni Jumapili. Jana tulikuwa na mchezo, ukumbi ulijaa mpaka wengine wakakaa kwa dirisha, na hao wawili hawakuja. Sijakunywa. Asanteni, naomba nikae.