Tunaomba Bomba Lisifunguliwe

Mgeni rasmi, mwalimu mkuu, walimu wetu na ndugu wote mliokaa hapa uani,

UKARIBISHO

Sisi wanafunzi wa masomo ya jioni tunakupokea kwa mikono miwili. Wiki nzima tumeomba dua ufike salama, na umefika. Sasa tunaomba uondoke salama, na hilo hatulisemi kwa adabu tu, kama utakavyosikia.

HISTORIA

Tulianza watu sita, tukikalia madawati ya watoto wetu, magoti yakigonga mbao. Leo tuko thelathini na mmoja: dereva, mshonaji, dobi, muuza mkaa, hata bibi mwenye wajukuu wanne. Kila mmoja ana zamu ya kusafisha maabara kabla ya somo. Kwa kuwa haijapata maji miaka miwili, tunafuta kwa vitambaa vikavu. Bomba jipya la sinki la maabara liliunganishwa jana, nalo linasubiri mkono wako ulifungue.

MAFANIKIO

Tumejifunza tabia za metali. Shaba ukiitia majini inatulia tu. Kalsiamu inatoa mapovu. Sodiamu ni laini, inakatwa kwa kisu kama sabuni ya kufulia, nayo hukaa ndani ya mafuta ya taa ili isikutane na maji. Jumanne mwalimu alitia kipande kama punje ya mchele katika beseni la maji. Kikawa kitone cha mviringo, kikakimbia juu ya maji kikichachatika, kisha kikawaka moto wa njano.

"Hicho kina mapepo!" alisema dereva, akirudi nyuma.

"Mapepo gani, baba? Niondolee kwanza kiatu chako juu ya mguu wangu!" bibi akamjibu.

"Ni haidrojeni," mwalimu alisema. "Maji yanaitoa, joto linaiwasha. Kipande kikubwa kikifungiwa na maji ndani ya bomba, kitalipasua."

Tulicheka sote, isipokuwa dada yetu dobi.

CHANGAMOTO

Sehemu hii imeandikwa kwa kalamu nusu saa iliyopita. Mwalimu mkuu hajaiona, atusamehe.

Dobi, ambaye ndiye anayekusomea, alikuwa na zamu Jumatatu. Kabatini aliona chupa yenye mafuta machafu na vibonge vya kijivu vyenye ukoko. Kazi yake ni kutakatisha, na uchafu ule ulimkera. Akamwaga mafuta kwenye sinki, akavifuta vibonge kwa kitambaa, kimoja baada ya kingine. Kimoja, kikubwa kama gololi, kilimponyoka kikaingia kwenye tundu la sinki. Alidhani ni vijiwe vya kufundishia. Akajaza mafuta mapya ya taa, akairudisha chupa, akaona amefanya jambo jema.

Jumanne, mwalimu alipotoa kipande kwenye chupa ile ile na moto ukawaka, akatambua alichokiangusha. Tangu siku hiyo anaacha chakula sahanini. Kila alfajiri amepiga magoti akimwomba Mungu kibonge kile kiyeyuke chenyewe. Aliogopa kwamba akisema, masomo ya jioni yatafungwa, na mtihani wetu ni mwezi ujao.

Leo, gari lako lilipoingia getini, alimnong'oneza bibi. Bibi akamshika mkono.

"Mwanangu, umeshaomba vya kutosha. Sasa sema."

MAOMBI

Mgeni rasmi, tunakuomba usilifungue bomba. Mwenzetu dereva amesimama mlangoni mwa maabara na ndoo ya mchanga mkavu, na hatamruhusu mtu kupita. Mwalimu wetu wa kemia, ambaye anayasikia haya sasa kama wewe, tunamwomba avae miwani, alegeze bomba la chini ya sinki kwa mikono mikavu, akitoe kibonge kile.

Tulikuwa tumeandika pia viti na taa. Tumevifuta.

Tunaomba jambo moja zaidi. Dada yetu alikosea kwa kusafisha asichokijua, akakosea tena kwa kunyamaza. Sisi tulimwona anakonda, tukamtania kwamba amepata mchumba. Adhabu yoyote tutaibeba pamoja, lakini mlango wa masomo haya usifungwe.

Mwenyezi Mungu akulinde wewe na safari yako, na azilinde dakika hizi chache zilizo mbele yetu. Tafadhali, endelea kuketi.

Ni sisi, Wanafunzi wa Masomo ya Jioni, sote, dobi akiwemo.