Ruhusa ya Kumuozesha Hiba

Basi la Kibenga lilikuwa halijatoka mjini, na mzee wa mbele yangu ameshapiga namba ileile mara nyingi hadi nikaanza kuumwa kidole mimi.

"Kesho ni nikahi ya Hiba," akamwambia mama aliyekaa pembeni yake, "na baba yake mudogo hajanipa ruhusa ya kumuozesha."

"Ruhusa ya nini? Si we ndiye umemulea?"

"Tribinali, mahakama yenyewe, ilinifanya mulezi, tuteur kabisa. Lakini kwa sheikh, walii wa kumuozesha ni ndugu ya marehemu baba yake."

"Na huyo ndugu alikuwa wapi mutoto akiugua malaria?" Swali zuri. Basi zima liligeuza shingo kungoja jibu.

Simu ikashikwa upande wa pili.

"Hiba," mzee alisema. Akarudia, kwa sauti zaidi: "Hiba! Mutoto wa kaka yako."

Tukafika kituoni. Hakuna aliyeshuka.